Mgeni Asiyetajwa

Kitinda aliinama kuvaa kandambili, na alipoinuka kando ya kitanda cha wodi mama yake akasikia kitu kikigonga. Du-du, du-du, kisha kishindo cha tatu, kizito, peke yake. Mama aliangalia ukutani, akaangalia chini ya kitanda. Mchana ulikuwa mweupe, wagonjwa wanapiga soga, na aliyeshtuka mwingine ni wifi yake tu, shangazi wa binti, ambaye alijifanya anatafuta leso.

Kitinda alikuwa anangoja kutolewa mawe ya nyongo. Tangu jana hajaonja hata tone la maji, maana kila wakisema zamu yake imefika, anaingizwa mwingine. Kadiri midomo yake ilivyokauka ndivyo kile kishindo kilivyosikika wazi, na harufu ya karafumaiti ikaanza kupanda kutoka kwenye shuka zilizofuliwa asubuhi.

Shangazi aliijua ile harufu. Ukoo wao ulikuwa na jini walilokuwa wakiliita Mgeni, linalokalia vifua vya watu, na tangu usichana alifundishwa kwamba anayelitaja analiita. Basi baba yake Kitinda alipoanguka akifunga kamba za viatu, majirani waliambiwa ni homa. Baba mdogo alipodondoka uwanjani katikati ya mechi, homa tena. Homa gani hiyo inayomkuta mtu anacheka na kumzima hapohapo? Watu wazima na akili zao walikaa msibani wakaitikia, na Mama naye akameza maneno kwa kuwa yeye alikuwa mke wa kuja. Inatia hasira hata kuisimulia.

Daktari wa usingizi alikuja mwenyewe, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Alimsikiliza Kitinda kifuani, akakunja uso, akamwambia achuchumae. Mvumo aliousikia moyoni ukafifia. Akamwambia asimame, ukarudi kwa nguvu. Akauliza kama kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla, kijana, bila kuugua.

"Hakuna," Shangazi akadakia.

Neno lile lilikuwa halijatulia hewani wakati karafumaiti ilipojaa wodi nzima mpaka macho yakawasha, na kishindo cha tatu kikaacha kungoja viwili vya kwanza kikawa kinagonga chenyewe, mfululizo, kikitikisa vyuma vya kitanda, na Mama akaona kwa macho yake gauni la hospitali likibonyea taratibu kifuani kwa binti yake, kama godoro linapokaliwa, likabonyea zaidi, na Kitinda akafungua mdomo kuvuta pumzi na pumzi isije.

Daktari alimlaza, akamwinua miguu, akaagiza dripu. Kisha akainama karibu na Mama na kunong'ona.

"Mama, huenda msuli wa moyo wake umenenepa. Mwili umekauka hivi, nikimpa usingizi presha itashuka, moyo utajifungia njia wenyewe. Na nikikimbilia dawa ya kuusukuma moyo, nitamuua. Niambie ukweli."

Shangazi alimshika Mama mkono. "Wifi, nakusihi. Atakuja."

"Yupo tayari!" Mama akajinasua. "Kaka zako wawili umemlisha yeye kwa mdomo wako huo. Mwanangu hampati."

Akawataja. Mume wake, na kamba zake za viatu. Shemeji yake, na mpira. Binamu yao aliyekutwa bafuni, maji yanamwagika. Kwa kila aliyetajwa gauni lilipanda kidogo, hadi Kitinda akavuta pumzi ndefu na kuomba maji.

Upasuaji uliahirishwa. Kipimo cha moyo kilionyesha ukuta mnene, vilevile alivyohofia daktari. Walimpa vidonge vya kutuliza mapigo, na siku ya kisu ilipofika hawakumwacha akauke, hawakumwacha dakika moja bila mtu. Kitinda alirudi nyumbani na kovu dogo na kiu ya kawaida.

Mama hakumsamehe wifi yake, lakini alikwenda kwake. Alimwambia alivyoelekezwa: ugonjwa uko kwenye damu, wanawe wote wapimwe moyo. Shangazi aliendelea kukunja nguo.

"Wanangu wazima," alisema. "Kwetu hakuna kitu kama hicho."

Karafumaiti ikapanda kutoka kwenye nguo zilizokunjwa. Mama aligeuka. Kupitia mlango ulio wazi alimwona kijana mkubwa wa nyumba ile uani, ameinama, anafunga kamba za viatu, na shati lake linabonyea kifuani. Mama alitoka mbio akiwataja wafu kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, na nyuma yake akamsikia Shangazi akimwomba anyamaze.