Mguu wa Arobaini Katika Buti la Thelathini na Nane

Kila jioni pacha walikaa kwenye kizingiti kumngoja mama yao. Hawakumngoja bure. Walikuwa na mchezo.

Mama akitokeza tu kwenye kona, pacha mmoja alisimama akatembea kama yeye: hatua moja, kuuma meno, hatua nyingine, kushika ukuta. Kisha mwenzake akaigiza kwa zamu yake. Bibi yao alikaa kando akichambua mchele. Yeye ndiye aliyekuwa hakimu.

"Wewe umeshika ukuta vizuri," aliamua siku hiyo. "Lakini mwenzako ana sura ya maumivu. Ameshinda yeye."

Mama Pacha aliwapita bila kucheka. Aliingia chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akanyoosha mguu. Buti lake halikuvuliwa na mtu mmoja. Mume alishika buti, mke alishika kitanda, kila mmoja akavuta upande wake.

"Mke wangu, mimi ni fundi wa kuchomelea," alisema Baba Pacha huku jasho likimtoka. "Nimeng'oa mageti yaliyokula kutu. Hakuna lililonitesa kama hili."

"Vuta, acha hotuba."

Buti lilichomoka ghafla. Baba Pacha akaangukia ndoo.

Mama Pacha alikuwa muuzaji katika duka la viatu vya wanawake. Kazi hiyo aliitafuta mpaka soli zikaisha. Siku ya kuhojiwa, mwenye duka hakutaka kuona cheti. Wafanyakazi wote walimwita Tajiri. Alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu nyuma ya kaunta, na hapo ndipo aliposhinda tangu kufungua hadi kufunga. Alimtazama Mama Pacha miguuni.

"Unavaa namba ngapi?"

Swali lilikuwa na sababu. Katika duka lile muuzaji huvaa kiatu cha msimu, kile kile kilichowekwa dirishani, ili wateja wakione kikitembea. Na viatu vya dirishani vyote vilikuwa namba thelathini na nane. Asiyetosha viatu, hatoshi kazi.

Mama Pacha alivaa thelathini na nane tangu usichana wake. Kisha akabeba pacha. Miguu ikatanuka, na baada ya kujifungua haikurudi ilikotoka. Sasa alivaa namba arobaini, na alijua hivyo.

"Thelathini na nane," akajibu.

Ulimi hauna mfupa. Mguu unayo mingi.

Wakati wa jua hakupata shida kubwa. Mtindo ulikuwa wa sandali za wazi, na vidole vyake vilichungulia mbele kama watu dirishani. Lakini mvua zilipoanza, mtindo ukabadilika. Yakaja mabuti mafupi mekundu, yenye ncha kali na kisigino kirefu chembamba. Juu yake muuzaji alivaa kikuku cha shaba.

"Msimu huu ni wa ncha," alisema Tajiri kutoka kwenye kiti chake kirefu. "Mwanamke aonekane kuanzia ncha."

Vidole vya Mama Pacha sasa havikuwa na pa kuchungulia. Vililala kimoja juu ya mwenzake kama abiria waliokosa viti. Buti lilinyeshewa jioni, na asubuhi likavaliwa likiwa bado na unyevu. Kati ya vidole kukaanza kuwasha. Kidole cha mwisho kikaota sugu ngumu. Ukucha wa kidole gumba, ambao alizoea kuuchimba pembeni kwa mkasi, ukaingia nyamani. Dukani alisimama kwa mguu mmoja nyuma ya masanduku kama korongo. Mteja akija, anashusha mguu wa pili na kutabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu anayeng'olewa jino.

Siku ya mapumziko, familia ikafanya kikao juu ya mguu ule.

"Acha kazi," alisema mama mkwe, yule bibi wa pacha.

"Mama, ada ya shule ya pacha inatoka wapi nikiacha?"

"Basi kosa ni la buti," alisema Baba Pacha. "Nitalipanua karakanani. Chuma kinanitii mimi, ngozi itanikatalia?"

Akalibeba buti la kushoto na kuondoka haraka, kabla hajazuiwa.

Mama mkwe naye akatoa wembe kwenye mkoba wake. "Lete hicho kidole. Sugu dawa yake kukatwa. Mimi nakata zangu miaka yote, na niko hai."

Mama Pacha alifumba macho. Wembe ulikuwa bado hewani wakati jirani yao alipoingia kurudisha chekeche. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya mtaa, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha wagonjwa wa wodi nzima.

"Mama, weka huo wembe chini."

"Ni sugu tu, mwanangu."

"Sugu leo, kidonda kesho. Weka. Na wewe wifi, nionyeshe huo mguu."

Mama Pacha aliufunika kwa kitenge. Aliona aibu. Mguu ulikuwa na harufu.

"Mficha uchi hazai," alisema mama mkwe, "na mficha kidole hatembei. Toa."

Kitenge kikatolewa. Muuguzi aliinama. Aliangalia kidole kimoja kimoja, juu na chini na katikati.

"Wifi, mguu huu umefanya kosa gani?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu umefungwa. Hata kikuku kimeacha alama kama pingu. Kikuku kiwe na nafasi ya kupitisha kidole. Jioni miguu huvimba kidogo, chenye nafasi kinavumilia, kisicho nayo kinabana damu."

Kisha akaeleza polepole, akigusa kila mahali anapopataja.

"Hapa kati ya vidole ni fangasi. Fangasi hupenda joto na unyevu, na buti lako limempa nyumba. Osha miguu kila siku, kisha kausha. Usikaushe juu juu. Pitisha kitambaa kati ya kila kidole. Nitakuelekeza dawa ya kupaka. Na usiache kupaka siku kuwasha kunapokoma, maliza muda ulioandikwa. Fangasi akinyamaza hajahama."

"Kama mpangaji mwenye deni," alisema mama mkwe.

"Kabisa. Na taulo lako lisishirikiwe na watoto. Sasa huu ukucha. Unakata vipi?"

"Nachimba pembeni usiniume."

"Ndiyo maana unakuuma. Kata moja kwa moja, usawa, usizungushe pembeni. Lakini huu umeshaingia na una usaha. Usiuguse. Kesho asubuhi uje kliniki kabla ya kazi."

"Na sugu?"

"Sugu imetokana na kubanwa. Ukiondoa kinachobana, itapungua. Loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu, sugua taratibu kwa jiwe la miguu, paka mafuta. Usipake mafuta kati ya vidole, pale pawe pakavu. Na wembe, hapana."

Akamgeukia mama mkwe.

"Mama, wewe umewahi kupimwa sukari?"

"Mimi chai nakunywa na sukari kidogo tu."

"Sikuulizi chai. Mwenye ugonjwa wa kisukari anaweza kujikata mguu na asisikie. Kidonda kinakua yeye anaimba. Mtu wa namna hiyo asijitibu sugu nyumbani kabisa. Kesho muje wote wawili."

Mama mkwe aliurudisha wembe mkobani bila neno. Hilo lilikuwa jambo jipya katika nyumba ile.

Muuguzi aliomba karatasi na penseli. "Simama hapa juu. Simama, usikae. Mguu ukibeba mwili hutanuka." Akachora kuzunguka mguu wa kulia, kisha wa kushoto. "Umeona? Wa kushoto ni mkubwa kidogo. Watu wengi wako hivyo. Nunua kiatu cha mguu mkubwa. Na ununue alasiri, miguu ikiwa imeshachoka. Ukinunua asubuhi, umenunulia mguu mwingine. Mbele ya kidole kirefu bakisha upana wa dole gumba."

Mama mkwe aliikagua ile karatasi. "Huu si mguu. Hii ni ramani."

"Ni arobaini," alisema muuguzi, "na haina ubaya wowote."

Hapo Baba Pacha akaingia. Mikono yake ilikuwa mgongoni.

"Nina habari njema," alisema. "Limepanuka."

Akalileta buti mbele. Alikuwa amelitia kipande cha bomba ndani, kisha akalikaza kwa jiliwa, kile chombo cha kubania vyuma. Ncha ilikuwa imepasuka juu na chini. Buti lilikuwa limefungua kinywa kama mamba.

Hakuna aliyecheka isipokuwa pacha. Mama Pacha alilitazama buti la dukani, buti la Tajiri. Kesho angesema nini? Akisema buti limepasuka, ataulizwa kwa nini. Akisema kwa nini, namba itajulikana. Namba ikijulikana, kazi imekwenda.

"Kidole hiki hakivai cha kubana kesho," alisema muuguzi. "Kazi utaipata nyingine. Duka la vidole sijaliona bado."

Asubuhi Mama Pacha alisafishwa kidole kliniki, akafungwa bendeji. Kiatu kilichokubali bendeji kilikuwa kimoja tu: kandambili za mama mkwe. Aliingia dukani nazo, zikipiga sakafu kofi moja moja. Wenzake wakainamisha vichwa.

Tajiri alimtazama kutoka juu ya kiti chake. "Hizo ni nini?"

"Ni kandambili, Tajiri."

"Naona. Zinafanya nini dukani kwangu?"

"Zimebeba mguu."

Mama Pacha aliweka buti lililopasuka juu ya kaunta. "Tajiri, mimi si thelathini na nane. Ni arobaini. Nilikudanganya kwa sababu niliitaka kazi. Buti hili mume wangu amelipasua akijaribu kunisaidia. Sasa unajua."

Tajiri alilishika buti, akalifungua na kulifunga kinywa. Kabla hajajibu, mwalimu wa shule ya jirani akaingia akichechemea, na sanduku mkononi.

"Nimerudisha mabuti haya," alisema mwalimu. "Wiki iliyopita niliyajaribu asubuhi yakanitosha. Kufika adhuhuri nikafundisha nimekaa. Mimi sijawahi kufundisha nimekaa. Wanafunzi walidhani nimestaafu."

"Kilichotoka hakirudi," alisema Tajiri.

Mama Pacha alikuwa hana tena cha kuficha, na mtu asiye na cha kuficha huwa mwepesi. Akachukua kipande cha karatasi ya kufungia. "Mwalimu, simama hapa. Miguu yote miwili."

Akachora kama alivyochorewa. Alieleza habari ya asubuhi na alasiri, mguu mkubwa na mdogo, na upana wa dole gumba. Kisha akaenda stoo. Huko nyuma yalikuwako mabuti ya mviringo mbele, yenye kisigino kifupi kipana, rangi ya kahawia. Masanduku yake yalikuwa na vumbi, maana hayakupata kuwekwa dirishani hata siku moja.

Mwalimu aliyavaa. Akatembea hadi mlangoni. Akarudi. Akaenda tena.

"Sisikii kitu," alisema.

"Ndivyo inavyotakiwa. Na chukua soksi za pamba, ubadilishe kila siku. Buti likilowa, lijaze magazeti usiku likauke, na kesho yake vaa kingine."

Mwalimu alibadilisha mabuti, Tajiri akimwachia, akachukua soksi, akaulizia na ya dada yake. Alitoka akitembea kama mtu aliyesamehewa.

"Funga mlango," alisema Tajiri.

Mama Pacha alifunga. Moyoni alikuwa ameshaanza kupanga jinsi ya kumwambia mumewe. Wenzake walikimbilia stoo kupanga vilivyokwisha kupangwa.

Tajiri alishuka kwenye kiti kirefu. Alishuka pole pole, akishika kaunta kwa mikono miwili. Akavua kiatu kimoja, akaguna. Akavua cha pili, akaguna zaidi.

"Lete karatasi."

Mama Pacha alipiga magoti akachora. Penseli ilisafiri safari ndefu. Alipomaliza aliitazama karatasi, kisha akamtazama Tajiri, kisha akaitazama karatasi tena.

"Ukiitaja namba hiyo nje ya duka hili," alisema Tajiri, "kazi huna."

"Namba gani, Tajiri?"

Tajiri alimkazia macho. Kisha mdomo wake ukaanza kucheza upande mmoja.

"Kesho uje mapema. Tunabadilisha dirisha."

Siku hizi dirishani kuna viatu vya kila namba. Vyenye ncha vipo bado, lakini ni vya sherehe, na muuzaji anamwambia mteja hivyo hivyo: vivae uende, urudi, uvivue. Baba Pacha alilipia kosa lake kwa kuchomelea benchi la kupimia viatu. Amekatazwa kugusa kiatu chochote. Wateja huja alasiri, na Tajiri huwapokea mlangoni, amesimama.

Fangasi wa Mama Pacha walihama, safari hii kweli. Sugu imebaki alama. Mama mkwe alikutwa na kisukari, nacho kiligunduliwa mapema. Anakunywa dawa, na kila jioni anakagua nyayo zake kwa kioo. Analalamika kwamba miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia ana nyayo nzuri.

Wanaolalamika zaidi ni pacha. Mchezo wao umekufa. Jana walimwona mama akitokeza kwenye kona, wakasimama wamwige. Hapakuwa na cha kuiga. Walipoanza kumkimbilia, alikuwa ameshawapita na kuingia ndani.

Wakamgeukia hakimu.

"Leo," alisema bibi bila kuinua macho kwenye mchele, "ameshinda mama."