Chumvi Iliyong'ang'ania Chupa

Kila siku alipotoka shule, Naila alivua sare, akala upesi upesi, kisha akampelekea baba yake chai karakanani. Fundi Othmani alikuwa akitengeneza mabodi ya malori pale Tunduma, kando ya barabara ya kwenda Sumbawanga. Boneti za faiba zilizopasuka alizibandika zikarudi kama mpya. Lakini kazi ya mwezi ule wa tano haikuwahi kuonekana mjini: mashua ya tanga, imekaa juu ya lori, mbali na ziwa lolote.

"Fundi, safina inaondoka lini?" wapita njia walimtania. "Tulete mbuzi wetu?"

"Mbuzi leteni. Ninyi mtabaki!"

Mwenye mashua, Bwana Kalisti, alikuwa akiipeleka Kasanga, Ziwa Tanganyika, ikabebe abiria. Lori lilipoharibika gia hapo Tunduma, alipanda kukagua mali yake. Karibu na mlingoti mguu wake ukadidimia kama amekanyaga godoro. Othmani akaja na nyundo, akagonga sitaha kidogo kidogo. Mahali pazima palilia ko, ko, ko. Pabovu palilia bu.

"Sitaha hii ni kama mkate wenye siagi katikati," alimweleza bintiye. "Juu faiba, chini faiba, katikati mti mwepesi. Mtu alitoa skrubu asizibe tundu. Maji yakaingia, mti ukaoza."

Akakata faiba ya juu, akakwangua uozo wote. Mti uliobaki ulikuwa mzima, ila umelowa, hivyo akauacha wazi upigwe jua.

"Mwanangu, kila ukitoka shule mimi nitakuwa nahangaika huku na huku kutafuta gundi. Ukiona wingu, vuta turubai. Tukifungia maji humu ndani mti utaoza tena, na mlingoti utang'oka watu wakiwa katikati ya ziwa."

Siku nne Naila alilinda vizuri. Ijumaa mchana Edina, rafiki yake, akaja na mpira wa soksi.

"Rede moja tu! Au unaogopa nitakulenga?"

Rede moja ikazaa ya tatu. Mvua ikashuka ghafla kutoka upande wa Vwawa, na Naila alipofika kwenye lori, ule mti ulikuwa umeshakunywa maji. Alipangusa kwa tambara mpaka ukaonekana mkavu, ndipo akavuta turubai.

"Huku hakujanyesha?" baba yake aliuliza aliporudi.

"Kumenyesha, baba. Nilifunika."

Hakusema alifunika lini.

Asubuhi ya Jumamosi alimkuta bibi yake, Bi Pili, ameketi na gunia la mahindi mapya.

"Bibi, si yamekauka hayo? Mimi nayashika, makavu."

"Mkono wako umeshika ganda tu. Ngoja."

Bi Pili alitia konzi ya mahindi kwenye chupa kavu ya soda, akaongeza chumvi ya Ivuna aliyoianika juani, akatikisa. Baada ya muda chumvi ikang'ang'ania kwenye kioo.

"Umeona? Imevuta maji ya ndani. Nikiyaweka ghalani, mwezi ujao tunakula uvundo."

Naila akaukumbuka ule mti aliopangusa. Aliomba chumvi iliyobaki, akachukua chupa nyingine kavu, akatoka mbio.

Alimkuta baba yake juu ya lori ameinua kopo la gundi. Bwana Kalisti alikuwa pembeni, na dereva wa lori, Bugalama, alikuwa akiwasha injini, maana gia ilikwisha kupona.

"Baba, usimimine! Jana nilikuwa nacheza rede. Mvua ilinyesha kabla sijafunika. Nilipangusa juu juu tu."

Othmani akashusha kopo.

"Lakini pamekauka!" alisema Bwana Kalisti. "Nimepapasa mwenyewe. Na gari linaondoka leo."

Naila akachukua patasi, akachonga vipande vya ule mti, akavitia chupani pamoja na chumvi. Akatikisa. Wakasubiri. Chumvi ikaganda kwenye kioo kama ukungu.

Bugalama akazima injini. "Miaka ishirini nimesimamishwa na kila mtu barabarani. Kusimamishwa na chumvi, hii ni mara ya kwanza!"

Hata Bwana Kalisti akacheka. Waliazima mashine ya upepo kwa jirani, fundi wa pancha. Siku ya shule Naila alianza kazi akitoka darasani, siku ya mapumziko tangu asubuhi. Alishika bomba la upepo akiupulizia mti, huku Edina akimwita bila mafanikio. Siku ya tatu chumvi ilicheza chupani kama mchanga mkavu. Ndipo Othmani akabandika plaiwudi mahali pa mti uliooza, akarudisha faiba, akaziba kila tundu la skrubu. Gundi ilipokauka, alimpa Naila nyundo.

Ko, ko, ko.

"Sikia, mwanangu," alisema. "Uliniambia ulifunika, na kweli ulifunika. Lakini kwa neno hilo hilo ulifunika na kosa. Kosa la kusahau turubai tumelikausha kwa siku tatu. Ungenyamaza, tungefungia maji humo ndani, na watu wa ziwani wangelipa kwa maisha yao. Ukikosea tena, niletee kosa likiwa bado wazi, tulikaushe pamoja."

"Nimesikia, baba."

Bugalama akapiga honi. Mashua ikaondoka taratibu kati ya vibanda, na mtu mmoja barabarani akapaza sauti: "Fundi! Na mbuzi wangu je?"

"Umechelewa," alijibu Naila. "Nenda ukamwanike!"