Waya Niliokataza Kukatwa

Hapa Gualeguay, mji wetu mdogo wa Argentina, mtu akipiga simu saa nane mchana watu wakiwa wamelala, ujue ama amekufa ama ana maiti ya kutangaza. Mwenye adabu zake hapigi. Hata mbwa hawabweki saa hiyo. Watoto wetu tuliwatisha kwamba nje kuna Solapa, jimwanamke la jua kali linalozoa wasiolala. Niliwatisha nikijua ni uongo.

Jumanne jioni nilitoka kununua mkate. Niliporudi nikamkuta fundi wa faiba ameketi kwenye ngazi yangu anajifuta jasho. Ledesma jina lake, mtu wa tumbo na masharubu. Ni mwanangu Rubén aliyemtuma, yeye yuko mbali huko, eti mama awe na intaneti. Mama hakuomba intaneti. Ila kampuni ilikuwa imezima nyaya za zamani mtaa mzima, na simu yangu ilikuwa wiki ya tatu bubu.

"Ndiyo hii?" Akaitazama ukutani ukumbini, nyeusi, ya kuzungusha namba kwa kidole. Akacheka. "Doña Zulema, hii ipelekwe makumbusho."

"Na wewe upelekwe kwa daktari na tumbo lako. Iunganishe."

Akafunga kisanduku chenye taa za kijani sebuleni. Akanieleza kwamba simu italia, nitaongea, lakini lile gurudumu la namba kisanduku hakilielewi.

"Utapigiwa. Wewe hutapiga."

"Nani kakwambia nina wa kumpigia?"

Halafu akagonga ukuta kwa kidole. Ili simu ya ukumbini ifanye kazi, alisema, kisanduku kiunganishwe na nyaya zilizomo ukutani. Lakini kwanza akate waya mkongwe unaoingia kutoka nguzoni. "Njia mbili zisikutane kwenye simu moja."

"Hukati."

"Doña..."

"Waya huo niliungoja miaka kumi na minne. Nilijaza fomu nina mimba ya Rubén, ukafika Rubén kaanza kuota ndevu. Hukati."

Akainua mabega. Akaniambia basi nisichomeke chochote ukutani, akaondoka na ngazi yake. Hata kona hajafika, nikatafuta kipande cha waya wa simu. Upande mmoja kwenye kisanduku, upande wa pili kwenye tundu la ukutani. Simu ikakohoa.

Ting.

Nikaona nimemshinda fundi.

Hapo inabidi niseme jambo ambalo sijalisema kwa padri.

Miaka ile simu ilikuwa moja mtaa mzima, na ilikuwa yangu. Kila mtu aligawa namba yangu kwa jamaa zake. Simu ikilia, naweka mkonga mezani, natoka mlangoni napaza sauti: "Fulani! Simu!" Fulani anakuja mbio na kandambili. Ndivyo tulivyoishi. Nilijua nani anazaliwa na nani anaachwa kabla ya wenyewe.

Delmira wa ng'ambo ya barabara alikuwa na binti mmoja, Mirtha, miaka kumi na tisa, kaenda Buenos Aires kufanya kazi za ndani. Wiki moja Delmira alisimama dukani kwa mwoka mikate akatangaza kwamba mimi nasikiliza maongezi ya watu. Ni kweli, nilikuwa nasikiliza. Lakini jambo la kweli ndilo linaloudhi.

Siku tatu baadaye, saa nane mchana, mvua inanyesha, simu ikalia. Mirtha. Anapiga kutoka kibanda cha simu cha barabarani. "Doña Zulema, niitie mama. Nitasubiri."

Nikaweka mkonga mezani. Nikaketi. Nikanywa chai yangu ya mrija, polepole, nikawaza: na asubiri, mtoto wa mwenye mdomo. Nilisikia vipande vyake vya chuma vya kulipia simu vikianguka kimoja kimoja. Klak. "Haló?" Klak. "Doña Zulema?... Mama?" Halafu vikaisha.

Polisi walikuja Ijumaa. Mirtha alikutwa chumba cha kupanga, damu imemwisha. Kuna mtu alimtoa mimba kwa chuma.

Delmira hakujua kama alipigiwa. Miaka thelathini na tisa picha ya binti yake ameigeuzia ukutani. "Namba yako alikuwa nayo kichwani," aliniambia siku ya maziko, "akaona afadhali afe kuliko kuniita." Nami nilikuwa nimeshika shada la maua. Nikanyamaza.

Sasa. Jumatano. Saa nane mchana.

Kriiing.

Nikainua mkonga. Nje jua lilikuwa linapasua vigae. Ndani ya mkonga... mvua. Na harufu ikanijia puani, ya sufu iliyolowa, na chini yake harufu kama ya sarafu za zamani.

Klak.

"Doña Zulema? Samahani kwa saa hii. Ni Mirtha. Niitie mama. Nitasubiri."

Nikarudisha mkonga mahali pake. Mvua haikukatika. Iliendelea kunyesha humo humo ndani ya simu niliyoifunga.

Alhamisi, vivyo hivyo. Ijumaa nikamwita Ledesma kwa simu ya mkononi, nikamwambia kuna kelele. Alipanda ngazi saa nane kasoro akashuka anakuna kichwa.

"Uliunganisha ukutani, sivyo? Nilikwambia. Lakini ule waya wako hauendi popote. Wezi wa shaba wameukata zamani. Ncha yake inaning'inia mtini, ina kutu."

Kriiing.

Akainua yeye. Akasikiliza. Masharubu yakaanza kumcheza.

"Doña," akanong'ona. "Kuna mtu anasubiri."

"Ni kelele za njia mbili."

"Kelele haziombi samahani."

Akauacha mkonga uning'inie, akatoa plaizi mfukoni, akashika waya pale unapoingilia ukutani. "Nikate?"

Nilifungua mdomo niseme kata. Neno moja tu, na siri yangu ingeenda na waya. Sauti ikatoka kwenye mkonga unaoning'inia, wala hatukuwa tumeusogelea:

"Nausikia mrija wako ukikoroma, Doña Zulema. Mama yuko njiani?"

Sikuwa nimeshika chai siku hiyo.

Msidhani ni huruma iliyonitoa mlangoni. Nilichoka tu. Nikavuka barabara ile ya moto, nikapaza sauti kama zamani: "Delmira! Simu!"

Akachungulia dirishani, miaka themanini na minne, nywele timtim. "Jua limekupiga, wee?"

Nikamwambia yote pale pale dirishani, nimesimama. Mvua, vipande, chai. Sikupunguza. Nilingoja anitukane, nilikuwa nimejiandaa. Akatazama chini.

"Kandambili zangu ziko wapi?" akasema.

Alivuka akinishika bega, maana hana mwingine wa kumshika. Akauchukua mkonga kwa mikono miwili.

"Mirtha? Mwanangu?"

Akangoja. Akaubadilisha sikio. Akangoja tena.

"Hamna kitu, Zulema. Kimya."

Nikauchukua mimi. Mvua. Klak. "Doña Zulema? Umemwita?"

"Anasema nini?" Delmira alinishika mkono, kucha zikaingia. "Mwambie nipo! Mwambie mimi mama yake nipo hapa, nimekuja!" Akaanza kulia, kilio cha kizee, kama mlango usiotiwa mafuta.

"Mirtha," nikasema, "mama yako huyu hapa."

Klak.

"Huyo si mama," sauti ikasema. "Mama yangu hana sauti hiyo. Ni nani huyo bibi kizee anayelia hapo? Mwambie atoke, tafadhali. Nisije nikakosa kumsikia mama akiingia."

"Amesema nini? Zulema! Amesema nini?"

Ledesma alinitazama. Plaizi imemganda mkononi.

"Amefurahi," nikamwambia Delmira. "Amesema amekusikia."

Ikawa mara ya pili maishani mwangu sikuufikisha ujumbe wa yule mtoto.

Ledesma aliondoka siku hiyo bila kukata kitu, na hapokei simu yangu ya mkononi. Rubén anasema ni waya mbovu, nichomoe. Nichomoe vipi? Delmira anakuja kila siku saa nane na kiti chake. Picha ameigeuza. Amepaka rangi mdomoni. Ananiuliza binti kasema nini leo, nami nampa kidogo kidogo, kama anayelisha kasuku. Kule ndani Mirtha ananiuliza neno lile lile: yule bibi bado hajatoka?

Juzi Delmira akaniambia, "Muulize. Nikifa atakuja kunipokea?"

Nikauliza.

Mvua ikasimama. Haijawahi kusimama. Kisha sauti ikaja karibu kabisa na sikio, nikahisi unyevu wake.

"Mwambie asije huku. Simjui. Huku mimi namngoja mama."

Delmira alikuwa amenikodolea macho, mikono kifuani, kama msichana anayesubiri kuitwa kucheza. Nikatazama ukutani.

"Anasema anakungoja," nikamjibu.

Akatabasamu. Akakunja kiti chake akaenda zake kwao, amenyoosha mgongo.

Tangu juzi hali chakula. Nampelekea supu, anaisukuma. Anasema ana haraka.