Mnyororo Uliofutwa

Jioni ile nilikuwa nafuata gundi tu.

Ndoo ya gundi niliyoisahau mchana kwenye banda letu la kanivali, baada ya kuwafundisha watoto kuchora joka. Kama hujawahi kufundisha watoto wa miaka mitano kuchora joka, usijaribu ukiwa na njaa. Nawaambia chora ndizi, huo ndio mwili. Juu yake weka meno ya msumeno, huo mgongo. Puani mashimo mawili kama soketi ya umeme, halafu moto. Kitoto kimoja kiitwacho Kerwin kikachora kuku. Nilipokiuliza, kikanijibu bila wasiwasi kwamba joka lake bado halijakua.

Lakini hapa kwetu, vilimani juu ya Port of Spain, joka halichorwi ovyo. Ni joka la kanivali. Hutoka mara moja kwa mwaka, mtu ndani yake, kichwa cha waya na karatasi, mnyororo shingoni. Likifika kwenye mtaro wenye maji, linakwama. Linacheza pale ukingoni, linarudi nyuma, linalia, mpaka aliyeshika mnyororo aliambie livuke. Kwa hiyo mtoto wa hapa akichora joka, anachora na mnyororo, na maji miguuni. Bila hivyo wazee hawaitundiki picha yake.

Mjukuu wangu Ornella, wa miaka sita, aliwashinda wote. Akachora joka, mnyororo, maji. Kisha akachukua raba, akaufuta mnyororo.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema unamuumiza shingo.

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe."

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka kuwazidi, nikamwambia joka lenye malalamiko liende ofisini likapange foleni kama sisi. Akauchora upya, amenuna.

Joka letu miaka yote lilikuwa mzee Lezama. Mkewe, Bi Eulalie, ndiye aliyemshikia mnyororo. Tulikuwa tunamtania mzee kwamba barabarani na nyumbani ni mnyororo uleule, maana hakumtii mtu mwingine. Kanivali ya mwaka uliotangulia alianguka akiwa ndani ya kichwa cha joka, karibu kabisa na mtaro wetu. Tulipokivua, alikuwa ameshatutoka.

Hakuvuka.

Basi, jioni ile mtaro ulikuwa mkavu. Kiangazi kilikuwa kikali, matope yalishapasuka kama kisigino cha mvivu. Nikapita katikati yake, nikafungua kufuli la banda.

Harufu ikanipokea.

Nywele zinazoungua... na jasho. Jasho la mtu mzima aliyecheza juani kutwa.

Nikawasha taa. Michoro ilikuwa ukutani kama tulivyoibandika. Mnyororo wa picha ya kwanza ulikuwa umefutwa. Wa pili umefutwa. Wa tatu... Wote. Hata kuku wa Kerwin alikuwa huru. Chini yametapakaa mabaki ya raba. Nikayagusa kwa kidole.

Yalikuwa ya moto.

Funguo za banda lile ni mbili. Mmoja nilikuwa nao mkononi. Wa pili anao Bi Eulalie.

Ndipo nikasikia nje. Shhh... tap. Shhh... tap. Mguu unaburuzwa kwenye changarawe, mwingine unakanyaga. Lezama alikuwa anaburuza mguu wa kushoto.

Nikachungulia.

Alikuwa Ornella.

Nilimwacha nyumbani, ng'ambo ya mtaro, anakula. Sasa alikuwa upande huu, penye banda, amesimama ukingoni, amenipa mgongo. Anacheza. Mabega chini, shingo mbele, mguu wa kushoto unaburuzwa. Mchezo ule hakufundishwa na mtu. Alienda mbele, akarudi. Akaenda mbele, akarudi.

Nikataka kumwita. Mimi, ambaye mama yangu alisema nitaongea hata ndani ya jeneza. Niliogopa nani angeitika.

Nikakumbuka maji. Pipa la banda lilikuwa na maji kidogo chini kabisa. Nikayachota kwa kopo, nikakimbia, nikayamwaga mtaroni mbele ya miguu yake. Ardhi ikayanywa. Likabaki doa jeusi... kisha hata doa likapotea. Nikarudi, nikachota, nikamwaga. Nikarudi, nikachota. Kopo likakwaruza chuma kitupu.

Akageuka. Uso ulikuwa wa mjukuu wangu. Sauti ilikuwa ya mjukuu wangu. Ile harufu ilikuwa inatoka kinywani mwake.

"Babu," akaninong'oneza, "leo hakuna maji."

Akavuka.

Usiniulize niliingiaje nyumbani. Nilimkuta mezani anamalizia chakula. Daktari alimpima mara mbili, akasema mtoto ni mzima, apunguziwe peremende. Kanivali ikapita. Nikaanza kujiambia kwamba ni jua lile, lilinipiga kichwani.

Kisha mvua zikaja, mtaro ukajaa, na ubao wa kuvukia ukawekwa kwa ajili ya watoto wa shule. Wote wakapita. Ornella akakwama ukingoni. Mbele, nyuma, mguu unaburuzwa. Nikajaribu kumbeba. Mtoto wa miaka sita, na mimi nimebeba magunia ya saruji ujana wangu wote. Sikuweza kumnyanyua hata kidogo. Alikuwa na uzito wa mwanaume mzima.

Watoto wakasimama kututazama. Bi Eulalie akatokea na mwavuli wake, akamshika mkono. "Vuka," akasema, taratibu, kama anayemwambia mtu karibu ndani. Mtoto akavuka.

Jioni hiyo nilikwenda kwake. Sikutania. Nilipiga magoti sakafuni nikamsihi. Nikamwambia mzee anamsikiliza yeye peke yake, amwambie basi, imetosha, aende zake aniachie mtoto wangu. Bi Eulalie alikuwa anakunja nguo. Hakuacha kukunja. Nikaona zilikuwa suruali za mzee, zimefuliwa upya.

"Nyumba hii ilikuwa kimya mno, Hollis."

"Ni mtoto, Bi Eulalie."

"Najua ni mtoto, mwanangu. Nitamtunza."

Siku hizi Bi Eulalie huja kila jioni, anaketi kwenye ngazi zangu. Sijapata ubavu wa kumfukuza, maana bila yeye mtoto havuki, na ng'ambo ndiko kuliko na shule, duka na zahanati. Ornella hukaa pembeni yake, wanaongea kwa sauti ya chini, wanakatizana maneno, kama watu waliozoeana miaka mingi.

Jana niliwakuta wanacheka. Nikauliza, mnacheka nini wenzangu?

Wakanitazama, kwa adabu kabisa, wakasubiri niondoke.