Mchumba Wangu Alitoka na Ufunguo

"Tevita! Fungua mlango wa nyuma! Tunakufa huku!"

Alinisikia, jamani... Akanitazama kabisa! Ufunguo ulikuwa unaning'inia shingoni mwake.

Mchumba wangu akageuka, akatokea mlango wa mbele!

Naitwa Mereani. Nilikuwa nauza vinywaji kwenye klabu yake hapa Suva. Fataki za jukwaani ziliwasha moto sponji ya kuzuia sauti darini, moshi mweusi ukajaa, taa zikazimika. Mlango wa nyuma ulikuwa na mnyororo, eti watu wasiingie bure!

Losalini, shosti wangu tangu utotoni, alinivuta hadi chooni, akanisukuma nikapita dirishani. Nikageuka nimvute...

Mkono wake sikuuona tena.

Wengi walikufa usiku ule, na wengine wote waliofika kwenye mnyororo walibaki palepale. Shahidi wa ule ufunguo nikawa mimi tu.

Tevita akaanza kutangaza mlango wa nyuma ulikuwa wazi, watu walichanganyikiwa tu!

"Mere, ukifungua mdomo nafungwa. Na harusi yetu je?"

"Na Losalini je?"

"Huyo harudi, Mere!"

Mara nikasikia kapeleka jino la nyangumi kwa mama yake Losalini. Hapa kwetu ndivyo kosa zito linavyoombewa msamaha. Kapiga magoti, kalia. Mama kalipokea!

Mtaa mzima: "Yameisha hayo, we binti tulia."

Nitulie vipi? Nilikuwa nakaa, nasimama, natoka nje, narudi ndani. Kama mzazi kasamehe, mimi nani?

Asubuhi ya kikao cha uchunguzi wa moto, hodi! Mama Losalini huyo.

"Vaa, mwanangu. Tunaenda kusema."

"Mama, si ulimsamehe?"

"Nimemsamehe. Ila msamaha hauombwi bila kutaja kosa. Alinitajia yote... mnyororo, ufunguo, na wewe ulivyomwita."

Nikavaa haraka, tukatoka!

Mbele ya watu wote alisimama wa kwanza, akasimulia yote aliyotajiwa. Tevita akaruka: "Mama, ulipokea!"

"Nilisema nimekusamehe, baba. Sikusema nitanyamaza!"

Nami nikasimama, nikasema yangu yote.

Tevita yuko jela. Sasa ni marufuku kufunga mlango wa dharura watu wakiwa ndani, na zimamoto wanakagua bila taarifa.

Wewe unayesoma, unaweza kumsamehe mtu kwa moyo wote na bado ukasema alichofanya. Kuna watoto wa wenzio wanacheza muziki kwenye klabu kama ile wikiendi hii.