Jalada la Daftari la Hesabu

Kila asubuhi Tlaleng aliamka, akawasha jiko la mafuta ya taa, akapasha uji mchachu wa mtama, kisha akapiga pasi sketi yake ya shule juu ya meza ileile ya kulia. Bibi Mamokete alikuwa na desturi ya kunywa uji wake amesimama mlangoni, anaangalia kama theluji imeshuka kwenye milima ya QwaQwa, huku Afrika Kusini.

Ila wiki hizi uji ulikuwa unapoa kwenye bakuli. Bibi alikuwa kapiga magoti sakafuni, kamwaga kopo la biskuti anamoweka karatasi zake zote, anazipekua moja moja.

"Tlaleng, ile karatasi ya benki, yenye picha ya familia inacheka, hujaiona kweli?"

"Sijaiona, bibi."

Hiyo ilikuwa mara ya nne kuulizwa na mara ya nne kujibu hivyohivyo. Akachukua mkoba wake akaondoka mbio, na karatasi yenyewe imo humohumo mkobani, imelivika daftari la hesabu kama jalada.

Mambo yalianza miaka miwili nyuma. Lebuseng, binti wa jirani, alipata kazi benki mjini Phuthaditjhaba. Huyu Lebuseng alikua akila kwa bibi kama kwao, naye alimwita bibi "mama mkubwa". Jumamosi moja akaja na skafu ya benki shingoni kuuza bima ya mazishi. Kwa bima hiyo hakuna mtu wa kubembelezwa. Kumzika mtu wako kinyonge ni aibu ambayo mtaa mzima utaikumbuka hata ukihama.

Bibi akataka Motlatsi naye aandikwe. Motlatsi alikuwa mtoto wa marehemu dada yake, bibi alimchukua akiwa na miezi minne, na kwa watu wa kwao mtoto wa dada yako ni wako, hakuna anayeuliza katoka tumbo gani. Lebuseng akaligeuza tangazo la benki, akachora ukoo wote kwa nyuma: duara la bibi, duara la dada yake, Motlatsi chini yake. Bibi akauliza kama kuna tatizo. Tlaleng alikuwepo, ndiye aliyeleta chai.

"Mama mkubwa, kwani Motlatsi si mwanao?" Lebuseng alicheka. "Nikiandika mpwa wataanza kudai makaratasi mpaka mchoke. Tia sahihi hapa tu."

Bibi akatia sahihi. Baridi iliyofuata Motlatsi akashikwa na homa ya mapafu, akafariki akiwa na miaka kumi na tisa. Lebuseng ndiye aliyeongoza nyimbo makaburini, na sahani ya nyama ya ng'ombe wa mazishi alikula pale pale jikoni kwa bibi.

Halafu barua ya benki ikaja. Ilisema cheti cha kuzaliwa kinaonyesha mama mwingine, kwamba bibi alitoa maelezo ya uongo, na kwa hiyo hatalipwa. Bibi aliifunga barua kwenye kitambaa, akaenda kwa Lebuseng. Lebuseng hakufungua geti. Akasema akiwa upande wa ndani, anachezea funguo, kwamba yeye aliandika alichoambiwa.

Bibi alirudi, akakaa kitandani kwa Motlatsi, hakula siku hiyo.

Wiki iliyofuata akaenda mahakama ya madai madogo, ile ambayo mawakili hawaruhusiwi, kila mtu anajisemea mwenyewe. Karani alimsaidia kuiandikia benki barua, wakaipa siku kumi na nne, benki ikanyamaza kimya. Tarehe ikapangwa. Shuleni habari zikafika kabla ya Tlaleng.

"Eti bibi yako anashitaki benki?" Kamohelo, rafiki yake, alimuuliza. "Atalipwa kalenda na kalamu, wewe subiri."

Tlaleng alimwambia bibi maneno hayo, akidhani atacheka. Bibi hakucheka. "Wameandika kwamba mimi ni mwongo na Motlatsi si wangu," alisema. "Nataka wayaseme hayo mbele yangu."

Sasa ile karatasi. Mwalimu alikuwa ametaka madaftari yote yavalishwe majalada kabla ya Jumatatu, na nyumbani hakukuwa na karatasi ya kaki. Tlaleng akaingiza mkono kwenye kopo aliloambiwa asiliguse, akatoa tangazo lile zito linalong'aa, akalikata na kulibandika, picha nje, maandishi ya Lebuseng ndani. Bibi alipoanza kulitafuta kwa ajili ya kesi, "sijaiona" lilimtoka lenyewe. Baada ya hapo kila siku ilikuwa ngumu kuliko ya jana.

Siku ya kesi Tlaleng alifika mahakamani na sare ya shule, mkoba mapajani. Kesi ilisikilizwa ofisini, na humo walikuwa wachache tu: mwamuzi, mwanamke wa makamo aliyeitwa kamishna, bwana mmoja wa benki na faili lake, na Lebuseng na skafu yake, hamtazami mtu.

Kamishna alimwambia bibi aeleze ilivyokuwa, asihofu, maswali atauliza yeye. Bibi akasimama, akaeleza yote, mpaka jina la homa. Akasema kulikuwa na karatasi aliyoichora Lebuseng, ila imepotea.

Bwana wa benki akatabasamu. Lebuseng akaulizwa.

"Bibi huyu aliniambia ni mtoto wake wa kumzaa," alisema. "Na hiyo karatasi sijawahi kuiona."

Sijawahi kuiona. Tlaleng alihisi masikio yanamwaka. Alitaka kumrukia Lebuseng, amuulize kuhusu chai, kuhusu sahani ya nyama. Kisha akaona bibi kashika ukingo wa meza, na ikamjia kwamba maneno aliyosema Lebuseng ni yaleyale anayomwambia bibi kila akiulizwa, na bibi humwamini.

Akafungua mkoba.

"Ipo," alisema. "Ninayo mimi. Nilivalishia daftari."

Bibi akageuka. Mtazamo ule Tlaleng hakuusahau. Hata barua ya benki bibi hakuitazama hivyo.

Kamishna akalivua jalada taratibu, karatasi ikachanika pembeni penye gundi, akaligeuza. Maduara yalikuwepo yote, na chini ya jina la Motlatsi: "Mtoto wa dada, kalelewa na mama mkubwa. Nimemwandika mwana."

"Mwandiko huu wa nani?"

Lebuseng akafungua skafu yake. "Wangu," akasema. "Niliogopa kufukuzwa kazi."

Kamishna hakuzungusha maneno. Alisema benki ilijua ukweli tangu siku ya kwanza, kwa sababu mtumishi wake aliujua na akauandika kwa mkono wake. Benki itamlipa bibi kila kilichoandikwa kwenye bima, randi elfu kumi na tano. Bwana wa benki akafunga faili.

Njiani bibi alitangulia mbele. Dukani aliingia peke yake, akatoka na kitu kilichoviringishwa, kakibana kwapani. Walipofika nyumbani Tlaleng alianza kulia, akaomba msamaha. Bibi akamwacha amalize.

"Lebuseng alidanganya ili kazi isipotee," alisema. "Wewe ulidanganya ili usigombezwe. Kazi ni kubwa, kugombezwa ni kidogo, lakini mimi niliyetafuta sakafuni nilitafuta kwa magoti yaleyale. Ungesema asubuhi ile ya kwanza, ningekufokea, tukanywa uji, yakaisha. Leo umesema mbele ya watu, na ilikuwa vigumu. Nimeona. Mwakani kitakachokushika koo kitakuwa kikubwa zaidi, mwanangu. Kiseme kingali kidogo."

Akafungua alichonunua: karatasi ya kaki. Akavalisha daftari mwenyewe, akikunja pembe vizuri. Lile tangazo lililochanika akalikunja, akalitia ndani ya kopo la biskuti, akabana kifuniko, halafu akamsukumia Tlaleng kopo zima.

"Kuanzia leo mtunzaji ni wewe," alisema. "Nikiuliza kitu kiko wapi, utaniambia."