Nilimwonea Wivu Dada Aliye Ng'ambo, Binti Yake Akaumia

Nina miaka arobaini na tatu, mama wa kuuza chai na chapati hapa Kitale, na kama kungekuwa na mashindano ya wivu ya dunia nzima, kombe lingekuwa kwenye kabati yangu! Chekeni, nawaruhusu. Mimi mwenyewe kicheko kilinikauka...

Nilitolewa shule darasa la kwanza, hata kusoma sijajua, ili nimlee mdogo wangu, Naliaka. Mama alikuwa mgonjwa, nani mwingine angemlea? Nilimbeba mgongoni mpaka nikadhani amemea hapo. Yeye akasoma hadi kidato cha nne. Mimi nikabaki kuhesabu chapati.

Mume wake alipomwacha, Naliaka alienda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, na binti yake, Sharon, akabaki kwangu. Kila muhula karo ilifika. Sanduku, godoro, sare, hata soksi! Sharon akaingia bweni, shule moja ya wasichana upande wa Bungoma, na akawa wa kwanza darasani. Mimi aliniita Mama. Si Mama mkubwa. Mama tu.

Sasa wivu ulitoka wapi? Siku ya kutembelewa!

Wasomaji wenzangu, mimi ndiye nilichinja kuku mkubwa kama mbuzi. Mimi ndiye nilikanda chapati za kulisha uwanja mzima pale Kanduyi. Nikatoka Kitale hadi Bungoma na beseni langu, nguo yote mafuta. Tukishaketi kwenye nyasi, Sharon anasema nini? "Mama, leta simu tumpigie mamangu."

Nabonyeza picha ya Naliaka, Sharon anaiegemeza simu kwenye sufuria. Naliaka anatokea na kitambaa kichwani, amejificha jikoni kwa mwajiri wake, ananong'ona, "Umenenepa, mwanangu! Kula, kula!" Ati kula! Kuku wa nani? Wazazi wengine wanakuja kuchungulia. "Huyo ndiye mama wa namba moja? Ubarikiwe, mama, jasho lako linaonekana!" Na mimi hapo na kijiko changu, kama mpishi wa kukodishwa...

Nilirudi Kitale na beseni tupu na moyo umejaa. Wiki hiyo hiyo mjomba wetu wa Kanduyi akachukua picha ya Naliaka, ile aliyopigwa uwanja wa ndege, akaiweka iwe ndiyo picha ya kundi la familia la simu. Akasema huyu ndiye taa ya ukoo. Taa! Na mimi je, si ni mafuta ya taa?

Nikachemka kuliko chai yangu. Nikachukua simu nimrekodie Naliaka sauti. Lakini mtu asiyejua kusoma hutambua watu kwa picha. Muuza unga wangu alikuwa gari jekundu. Naliaka alikuwa ile picha ya uwanja wa ndege. Nikaibonyeza, nikasema: "Naliaka, wacha kupoteza pesa bana. Huyu binti yako ana mimba."

Uongo mtupu! Sikutaka Sharon afukuzwe, naapa. Nilitaka tu, hata kwa wiki moja, dada yangu asiwe taa.

Kumbe nilikuwa nimebonyeza kundi la familia! Ukoo mzima ukasikia, kuanzia Kanduyi hadi Kachibora. Mjomba akanipigia akifoka, "Nasimiyu! Haya maneno ni ya kweri?"

Hapo ndipo ningeokoa kila kitu. Neno moja tu... hapana. Lakini ningeitwa mwongo mbele ya ukoo! Nikasema, "Ndiyo, mjomba."

Asubuhi yake mjomba na shangazi wawili walikuwa langoni mwa shule. Sharon akatolewa darasani, wenzake wakining'inia madirishani. Akapewa kikopo cha mkojo, shangazi wakasimama mlangoni pa choo. Hakuna mimba. Wakampima tena. Hakuna! Mtoto aliuliza swali moja tu: nani amesema? Mjomba akamchezea sauti yangu.

Shule zilipofungwa nilikaanga maandazi, nikangoja. Hakuja. Nikamfuata Kanduyi kwa mjomba. Akatokea mlangoni, akanitazama, akasema, "Habari, auntie."

Auntie! Rungu lingeniuma kidogo kuliko hilo neno...

Naliaka alinipigia mara moja tu. Hakunitusi. "Dada, wewe ulinibeba mgongoni. Nilidhani na huyu utambeba." Akakata. Karo akaendelea kutuma, lakini kwa mjomba.

Nikaingia ngumbaru, masomo ya watu wazima, jioni baada ya kufunga kibanda. Nilikuwa mkubwa kuliko mwalimu, dawati likinibana kama suruali ya mtoto! Lakini nilimaliza. Cheti nimekitundika juu ya jiko, kimeshaiva kwa moshi.

Na nilisoma nini kwanza? Jumbe za zamani za Naliaka. Zile za sauti nilisikiliza zote. Zile za kuandika, Sharon ndiye alinisomea kila likizo, na likizo hii hakuja. Mmoja ulitumwa asubuhi ya ile siku ya kutembelewa:

"Dada, leo msinipigie. Siku hii ni yako. Zima simu ule na binti yako."

Nilisoma herufi kwa herufi. Nikasoma tena, labda ngumbaru imenidanganya. Nikalia mpaka chai ya wateja ikawa na chumvi.

Wewe unayelea mtoto wa aliye ng'ambo, nakusihi! Yeye anatuma karo, lakini wewe ndiye unamwona mtoto akicheka. Nani kati yenu amepata kidogo? Wivu ukikupanda, weka simu chini. Na ukishasema uongo, usiurudie ukiulizwa. Mimi niliulizwa nikaurudia, na huo wa pili ndio ulimwumiza mtoto.

Juzi nimemwandikia Naliaka ujumbe kwa vidole vyangu: nisamehe. Ameusoma. Hajajibu.

Siku ya kutembelewa ijayo nitaenda Bungoma na beseni langu, niketi kwenye nyasi. Sijui kama Sharon atatoka. Akitoka, simu nitaiegemeza kwenye sufuria mimi mwenyewe.